Maneno ya Wakili Aliyekuja Kuwa Jaji

Kosa litakalofichuliwa katika sura hii ni la mtu kuipenda sentensi yake kuliko anavyompenda mwanadamu ambaye sentensi hiyo inadaiwa kumtetea. Sijaliona likitajwa miongoni mwa madhambi makubwa, labda kwa sababu waliopanga madhambi hayo nao walikuwa waandishi. Mwezi uliopita nililisikia likisifiwa hadharani, katika ukumbi wa chuo kikuu kimoja hapa Sydney, kwenye ibada ya kumkumbuka Profesa Penhallow. Aliyelisifu ni Dokta Lorimer, ambaye sasa amekirithi kiti cha marehemu pamoja na tabia yake ya kufumba macho anapozungumza. Alisema marehemu hakuridhika kuzisoma sheria za kale kwa starehe yake. Alizitumia kumfungulia mlango mkimbizi aliyezuiliwa Villawood, kizuizi cha wahamiaji. Pembeni yangu alikaa Mama Neema, ambaye hajawahi kuruhusu msiba wowote umpite, awe anamjua marehemu au hamjui. Aliniegemea akauliza kwa sauti yake ya kanisani, "Mwalimu, anasema ya nani?" Nikamwambia anasema habari za Dieudo. "Dieudo wetu?" Safu ya mbele yetu iligeuka. "Huyu muzungu anadanganya mbele ya maiti?" Nikamjulisha kwamba maiti haipo, wamekwisha kuichoma. "Basi," akasema, "anadanganya mbele ya masandwichi." Nilishukuru kwamba walioketi jirani nasi hawajui Kiswahili, kisha nikasikitika kwamba hawakijui.

Mwaka ninaoukumbuka, nilikuwa msaidizi wa Profesa huyo na pia mwanafunzi wake wa uzamivu. Kazi yetu ilikuwa kunakili ripoti za kesi zilizoandikwa kwa mkono katika mahakama za mfalme wa Uingereza, zama ambazo mawakili na wanafunzi wa sheria walisimama mahakamani na wino wao, wakaandika waliyoyasikia, kisha wakaazimana na kunakiliana. Baadhi ya ripoti hizo hazijapata kuchapwa hata leo. Ziliandikwa kwa Kifaransa cha ajabu, kisichojali jinsia ya neno, ambacho mwandishi akiishiwa msamiati huchomeka Kiingereza na kuendelea na safari. Profesa aliniajiri kwa kuwa nilisoma Bujumbura kwa Kifaransa; alidhani nitazisoma ripoti zile kama gazeti. Wiki za mwanzo nilizichukia. Baadaye nilizoea, maana nyumbani nilikoishi nilikuwa nikisikia kila siku lugha ikibebeshwa mizigo ambayo haikutengenezewa, nayo ikafika. Tulifanya kazi katika chumba chenye zulia la rangi ya chai, mbele ya picha za kurasa kwenye kompyuta, kwa kuwa hati zenyewe zipo London. Kila Alhamisi mchana palikuwa na mkutano wa kunywa chai, ambapo watu wazima walishindana kumkubalia Profesa kabla hajamaliza kusema.

Katika chumba hicho meza iliyokabili yangu ilikuwa ya msichana wa Penrith, pembezoni mwa jiji, mwanafunzi mwenzangu. Jina lake nitalitaja nitakapolifikia, kwa kuwa limeachwa nje mahali pengi lilipostahili. Alikula mikate ya nyama juu ya kibodi, alimwita kila mtu rafiki, na alikuwa akisoma kile Kifaransa cha majaji kwa sauti ya mtu anayeshangilia mpira. Profesa hakumpenda. Aliiga matamshi yake kwenye mikutano ya Alhamisi, na wote wakacheka kwa adabu. Ili kumweka mbali na mambo makubwa, alimpa hati ambayo hakuna aliyeitaka: kitabu cha mwanafunzi mmoja wa sheria wa zama zile, mwenye mwandiko wa kuku, aliyependa kuandika hasa kesi zilizoahirishwa. Msichana yule alifunga safari kwenda kuisoma yenyewe, akarudi na mafua na nakala kamili.

Fahari ya Profesa ilikuwa sentensi moja. Aliikuta katika hati ambayo haikuwahi kuchapwa, akaifanyia kitabu kizima. Humo jaji aliyeitwa Tresgrave anaeleza, kwa ufasaha ambao siwezi kuukana, kwamba mwili wa mtu hauwezi kuwekwa kizuizini bila majaji kuelezwa sababu yake, hata anayemzuia akiwa mfalme. Profesa aliichapa sentensi hiyo mwanzoni mwa kitabu, akaitundika ukutani nyuma ya kiti chake, na nadhani aliiota. Nilipomweleza siku moja kwamba kaka wa Mama Neema, ninayeishi kwake, yupo Villawood, hakuuliza jina la mtu huyo. Aliuliza jina la wakili wake.

Nyumba yetu ilikuwa Guildford, ya matofali mekundu, yenye makochi mengi kuliko watu wa kuyakalia, kwa kuwa Mama Neema hakuweza kupita kochi lililotupwa kando ya barabara bila kulihurumia. Yeye ni mtu wa Uvira. Alifanya kazi ya kuwatunza wazee, akirudi na miguu iliyovimba na hadithi za vibibi waliomwita kwa majina ya mabinti zao waliokufa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Révérien, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, ambaye alipakia mizigo katika ghala la Villawood, karibu kiasi cha kuuona ua wa kizuizi wakati wa kuvuta sigara. Dieudo, kaka wa Mama Neema, alikuwa ndani ya ua huo. Alipigana kwenye baa, akafungwa, akamaliza kifungo. Na alipotegemea kurudi nyumbani wakamwambia viza yake imefutwa, wakamhamishia Villawood, na huko hakuna aliyemweleza atakaa mpaka lini. Kwao Kongo hawakuweza kumrudisha, na Guildford hawakutaka kumrudisha. Tulipokwenda kumwona, katika chumba chenye viti vilivyofungwa sakafuni, hakuuliza habari za sheria. Aliuliza kama kochi la kijani bado lipo. "Liko," dada yake akajibu. "Révérien anaketi pale." "Umuondoe," akasema Dieudo, na hicho ndicho kicheko pekee cha ziara ile.

Wakili wake alikuwa Bi Haddad, mama mkavu mwenye ofisi Fairfield juu ya duka la vitambaa. Profesa alimwandikia mwenyewe akijitolea kutoa maoni ya kitaalamu, na Bi Haddad, ambaye hakuwa na mashahidi wengi wa kuchagua, alikubali. Basi Tresgrave akaingia katika kesi ya Dieudo. Profesa alimzungumzia kana kwamba yu hai na ana ofisi hapa jijini, Parramatta. "Tresgrave atamtoa," aliniambia, akinipigapiga bega. Mikutano ya Alhamisi ikawa ya kupongezana. Mtu mmoja alifuta machozi. Katika machozi yote hayo sikusikia yeyote akitaja jina la Dieudo, na nilipolitaja mimi, Profesa alilitamka vibaya kisha akaomba biskuti.

Jumapili moja, baada ya ibada, tulikaa kula ugali na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese. Mezani palizuka ugomvi ambao ulikuwa ukichemka kwa wiki kadhaa. Mpwa wa Mama Neema alikuwa anaolewa na binamu wa Révérien. Siku ya posa kila upande ulikuwa na msemaji wake, kama desturi inavyotaka, mtu wa kubishana kwa niaba ya ndugu. Na msemaji wa upande wa binti alikuwa Papa Bosco. Baadaye Papa Bosco akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

"Papa Bosco alishasemaga," alitangaza Mama Neema akikata tonge. "Binti anabakia kwa mama yake mpaka siku ya kanisa. Ni neno ya muzee wa kanisa, Révérien. Unataka kupita juu yake?"

"Mama Neema, tuheshimiane. Siku ile hakuwa mzee wa kanisa. Alikuwa msemaji wenu. Nyinyi ndio mlimweka aseme hivyo."

"Lakini alisema ao hakusema?"

"Alisema akiwatetea! Hakuna kitu alichoamua. Hata mimi ungeniweka msemaji wako, ningesema binti abaki kwa mama yake mpaka Yesu arudi."

"Na leo Papa Bosco si muzee?"

"Leo ni mzee. Maneno ni ya siku ile."

"Mum, can we just eat?" alisema Neema mdogo, akaambiwa anyamaze kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibembe.

Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna. Ripoti za mahakama za mfalme zina tabia moja ambayo kila anayezisoma anafundishwa wiki ya kwanza na kuisahau wiki ya pili: zinamtaja anayesema kwa jina la ukoo tu. Hazisemi kama amekaa kwenye kiti cha ujaji au amesimama mbele yake. Na majaji wa zama zile hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa mawakili kwanza, wakabishana miaka mingi katika ukumbi uleule mbele ya viti vilevile, kabla ya kupandishwa. Tresgrave aliyekuja kuwa jaji alikuwa na jina lilelile alipokuwa wakili. Kesho yake nilifungua picha ya ukurasa wa Profesa. Sentensi yake inaishia chini kabisa ya ukurasa, mahali pazuri pa kuishia kwa mpenda sentensi. Nikafungua ukurasa unaofuata. Pale juu anasema mtu mwingine, naye anamwambia Tresgrave kwamba amemsemea mteja wake vizuri, lakini mahakama haijashawishika.

Jaji hana mteja. Sikuhitaji shahada kulijua hilo. Kitabu kizima, tuzo zake, fremu ya ukutani na machozi ya Alhamisi vilisimama juu ya mtu ambaye hakugeuza ukurasa.

Nilikwenda kwa Profesa asubuhi, nikiwa na imani, ambayo leo naiona kuwa ya kitoto, kwamba msomi akionyeshwa kosa atashukuru. Aliutazama ukurasa ule kwa muda. Akasema huenda ulikuwa mzaha baina ya majaji. Akasema huenda mnakili aliruka mstari. Halafu akavua miwani na kusema jambo alilokuwa akiliamini kweli: "Sentensi ile ni nzuri mno kuwa ya wakili."

Nikamwambia kwamba upande wa serikali nao una watu wanaoweza kusoma, na wakilifichua hilo siku ya kesi, hoja nyingine zote za Dieudo zitanuka pamoja nalo.

"Hakuna mtu katika nchi hii wa kunikagua," alijibu. "Umefanya kazi sana. Nenda kapumzike." Mchana huohuo ruhusa yangu ya kufungua picha za hati ile iliondolewa.

Kwenye ujia nilikutana na Dokta Lorimer, aliyekuwa kijana bado, na nikamweleza. Hakushtuka. Alichungulia kushoto na kulia kama anayevuka barabara. "Nililiona zamani," akanong'ona. "Tangu nikiwa mwanafunzi wake."

"Ukamwambia?"

"Mambo haya yana namna yake."

"Namna gani?"

"Ni kusubiri."

"Kusubiri nini, Dokta?"

Aliutazama mlango wa Profesa, na nikaelewa kwamba anasubiri kifo. Nimewajua waoga wengi, nami siwadharau wote, kwa maana wengine wana watoto, wengine wamepigwa. Huyu alikuwa na afya, mshahara na baiskeli ya bei. Aliuweka uhuru wa mtu mmoja upande huu na barua ya kupandishwa cheo upande wa pili, akaona vinalingana, akaenda kunywa kahawa.

Hali ilikuwa hii: maoni ya Profesa yangewasilishwa wiki iliyofuata. Neno langu peke yake lilikuwa la msaidizi mgeni aliyekorofishana na bosi wake, na ukurasa nilioutegemea sikuweza tena kuufungua. Kilichohitajika ni ripoti nyingine ya kesi hiyohiyo, ya mtu mwingine aliyekuwepo siku ile. Nilimuuliza msichana wa Penrith, bila matumaini, kama yule mwanafunzi wake mwenye mwandiko wa kuku aliiandika. Aliweka mkate wake chini.

"Ameiandika," akasema. "Ameandika nani alikuwa jaji na nani alikuwa wakili wa nani. Tresgrave ni wakili wa mfungwa. Mwisho kesi ikaahirishwa, na hapo ndipo inapoishia. Nilimwonyesha Profesa niliporudi."

"Akasemaje?"

"Kwamba niiweke kando mpaka tasnifu yangu ipite. Akanikumbusha nafasi za kazi zilivyo chache." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Nilidhani ni majivuno yake tu, rafiki. Nikaona sawa, mzee afe na sentensi yake. Kwani wewe una haraka gani?"

Nikamweleza habari za Dieudo. Alikuwa amehudhuria mikutano yote ya Alhamisi, amesikia kila pongezi, na hakuwa amefahamu kwamba ndani ya hadithi ile kuna mtu mmoja maalumu, mwenye dada na kochi. Walivyozungumza, angewezaje kufahamu? Alinyanyuka, akachukua koti. "Huyo wakili yuko wapi?"

"Fairfield."

"Tupande treni, basi."

Bi Haddad alitusikiliza bila kubadilisha uso. Alimweleza yule msichana kwamba karatasi pekee haitoshi. Anataka kiapo cha mtu aliyeisoma hati yenyewe kwa macho yake, na kiapo hicho atampelekea Profesa Penhallow ili ayaondoe maoni yake kwa hiari. "Jina lako litakuwa juu yake. Atalisoma."

"Liandike kwa herufi kubwa," msichana akajibu. "Siku hizi macho yake ni mabovu."

Mtu wa mwisho wa kuelezwa alikuwa Mama Neema, na hapo niliogopa kuliko nilivyomwogopa Profesa. Alikuwa ameambiwa na kanisa zima kwamba jaji mkubwa wa mfalme yuko upande wa kaka yake. Alisimama jikoni na mwiko mkononi. "Munaondoa neno yenye itamutoa ndugu yangu?"

"Halikuwa neno la jaji, Mama. Alilisema akiwa wakili. Ujaji aliupata baadaye."

Alinitazama sana. "Sawa na Papa Bosco?"

"Sawa na Papa Bosco siku ile ya posa."

Aligeukia sufuria, akasonga ugali mpaka ukakaribia kuungua. "Basi mutoe," akasema mwishowe. "Serikali iko na ba-Révérien bengi." Kutoka sebuleni Révérien aliomba kujua ametukanwa au amesifiwa.

Profesa aliyaondoa maoni yake kwa barua ya mistari miwili kuhusu afya. Siku ya kesi, Bi Haddad alinieleza baadaye, upande wa serikali ulikuja na mtaalamu kutoka Melbourne, mwenye vitabu vilivyowekwa alama kuhusu maisha ya Tresgrave, tayari kumchinja. Alikaa kutwa bila kuulizwa chochote. Bi Haddad alishinda kwa hoja kavu isiyoweza kutundikwa ukutani na mtu yeyote: kwamba ofisa aliyeamua juu ya Dieudo hakuzingatia jambo ambalo sheria ilimlazimu alizingatie. Uamuzi ukarudishwa kufanywa upya, na ulipofanywa upya, Dieudo akatoka. Alifika Guildford kabla ya chakula cha mchana, akamwondoa Révérien kwenye kochi la kijani, akalala mpaka jioni bila kuvua viatu.

Msichana wa Penrith alikuja kula nasi siku hiyo. Wakati huo hakuwa tena na msimamizi. Profesa alikuwa amegundua, ghafla, kwamba tasnifu yake haina upana wa kutosha, na kamati ikagundua vivyo hivyo, na Dokta Lorimer akaweka saini. Mimi nilihamia chuo kingine, ambako walinipokea. Yeye hakupokelewa popote, na leo anafundisha watoto historia katika mji mmoja ng'ambo ya Milima ya Bluu. Kitabu cha Profesa kilichapwa tena. Sentensi ipo palepale mwanzoni, na ukurasa unaofuata haupo.

Ibada ya mwezi uliopita ilipokwisha, Dokta Lorimer alinijia na mikono miwili mbele, akiniita rafiki wa zamani wa nyumba hii. Wanaandaa toleo jipya kwa heshima ya marehemu. Je, ningekubali kuandika utangulizi, mimi hasa, kwa kuzingatia habari ile ya Villawood? Nikamwambia nitauandika, kwa sharti kwamba ukurasa wa pili uchapwe, na kwamba chini yake litajwe jina la aliyetuonyesha ripoti ya pili na kuiapia. Alifumba macho, akatafuta katika kumbukumbu yake, na nikaona kwamba haigizi wala hafichi kitu. Alikuwa amesahau kabisa.

"Samahani," akasema. "Ni nani huyo?"

"Raelene Maddock."